Longonot: Mwimbaji wa Juu, Mchimbaji wa Chini

Matatu iliondoka Nairobi kukiwa bado giza. Tulipofika ukingoni mwa Bonde la Ufa, pale wachuuzi wanapotundika ngozi za kondoo na kofia za manyoya kando ya barabara, kulikuwa kunapambazuka, na abiria wote tukanyamaza. Hata kijana aliyekuwa akibishana na kondakta juu ya chenji tangu Uthiru aligeuza uso dirishani. Bonde lilikuwa limetandikwa chini yetu hadi safu ya Mau ng'ambo, na katikati yake umesimama Longonot peke yake: mlima uliokatwa kichwa, mabega yamejaa makunyanzi kama shuka iliyokamuliwa ikakauka bila kukunjuliwa.

Makunyanzi hayo ndiyo yaliyoupa mlima jina. Wamaasai waliuita Oloonong'ot, mlima wa migongo mingi na miteremko mikali, na ulimi wa wageni ukalilainisha neno hilo mpaka likawa Longonot. Ni volkano yenye kimo cha mita 2,776, na inaaminika kwamba mara ya mwisho ilitema moto katika miaka ya 1860. Tangu 1983 ni hifadhi ya taifa yenye ukubwa wa kilomita 52 za mraba. Wageni huijia kasoko yake, shimo la duara lenye msitu ndani, ambalo ukilitazama kutoka ukingoni unahisi magoti yanalegea.

Nimeupanda Longonot mara nne. Mara tatu za kwanza nilipanda kama wapandavyo wengi: mbio, maji chupa mbili, picha kileleni, kisha kushuka na viatu vimejaa vumbi. Mara hii nilikuja kwa ajili ya viumbe wawili wadogo ambao miguu yangu ilikuwa imewapita bila kuwatazama. Mmoja ni ndege asiyekosekana mahali. Mwingine ni mnyama wa chini ya ardhi, na wengi waliomwona uso kwa uso walimwona akiwa tayari amekufa.

Shore asiye na kwao

Ndege alinikuta kabla sijamtafuta. Nilishuka pale kituoni Longonot, nikaingia kwenye kibanda cha chai, nikaagiza chai ya maziwa na mandazi mawili. Juu ya ua wa kei-apple uliozunguka kibanda, shore alikuwa amekwisha kuanza kazi. Kenya nzima tunamjua kwa sauti hata kama hatumjui kwa jina: ni yule anayetuamsha kabla jogoo wa pili hajawika, kwa maneno matatu manne ya haraka yenye furaha, anayasema, anatulia kidogo, kisha anayarudia kana kwamba hakusikika.

Nilimtazama karibu, maana alikuja mpaka kwenye benchi kuokota punje za mandazi. Kichwa chake ni cheusi, na manyoya ya utosini husimama kidogo akishtuka. Mgongo ni wa kahawia ya udongo, tumbo limepauka. Lakini aliporuka na kuinua mkia, chini yake kukatokea manjano safi kabisa, kama mtu aliyevaa koti la kazini na kuficha ndani yake shati la sikukuu.

Shore hana makuu. Anakula tunda la msituni na papai la shambani, anakula wadudu, anakula makombo. Mbegu anazomeza huziangusha mbali na mti mama, kwa hiyo vichaka vingi tunavyodhani vimejiotea vilipandwa na yeye. Nyoka au bundi akionekana, shore ndiye wa kwanza kupiga kelele, na ndege wengine hukusanyika kwa mwito wake. Ni jirani mwema wa kila boma.

Na maboma yake ni mengi ajabu. Mtaalamu wa Kifaransa Desfontaines alipompa jina la kisayansi mwaka 1789, Pycnonotus barbatus, alikuwa amemwona Algeria. Yuko Moroko, yuko Misri, yuko Afrika Magharibi, na yuko hapa juu ya ua wa kibanda cha chai. Bara likiungua upande mmoja, shore ataimba upande mwingine. Kwa hiyo wanaoorodhesha viumbe walio hatarini hawana sababu ya kumhofia. Kila mahali ni kwake, na kwa maana hiyo hana kwao.

Fuko na mzee mwenye makopo

Nimekulia Njoro, na kule fuko alikuwa adui wa nyumba. Mama alipanda viazi na karoti, na asubuhi fulani mstari mzima wa karoti ungeukuta umenyauka, ukiuvuta unatoka na majani matupu. Baba angemwita mtegaji. Mtegaji angefika na mfuko wake, akae siku mbili, kisha ajipatie malipo kwa kuonyesha mikia. Mkia mmoja, pesa yake. Hatukumwuliza mtu yeyote fuko ni nani. Tulihesabu mikia tu.

Asubuhi hii, dakika chache kutoka barabarani, nilimkuta mzee mmoja ameinama kwenye shamba la mahindi na maharagwe ambalo mwisho wake unatazama mlima. Kando yake kulikuwa na mfuko wa sandarusi wenye makopo ya bati yaliyokatwa pande zote mbili.

"Shikamoo, Mzee. Hayo ni ya fuko?"

"Marahaba. Ni ya fuko. Umetoka wapi, mwanangu, hata unauliza mambo ya fuko badala ya mambo ya mlima?"

Nilimweleza. Alicheka kidogo, akanionyesha. Kwanza alitafuta vichuguu vya udongo mpya, vile vya rangi iliyoiva kuliko ardhi ya kando yake. Akatoboa kwa mti wenye ncha mpaka mti ukazama ghafla, ishara kwamba amefikia njia. Akachimbua njia ikawa wazi, akapachika kopo ndani yake, kitanzi cha waya kikiwa tayari ndani ya kopo. Akachomeka ufito ardhini, akaupinda mpaka ukawa upinde, akaushika kwa kamba nyembamba iliyopita mbele ya mdomo wa kopo.

"Fuko hapendi mlango wazi," akasema. "Upepo ukiingia kwake lazima aje kuziba. Akija anakuta kamba imemzuia, anaikata kwa meno. Akikata kamba, ufito unafyatuka, na waya unambana. Sisi wanadamu tunaambiwa tuzibe ufa tusije tukajenga ukuta. Huyu anaziba kila siku, na ndiko kunakomwua."

Katika kopo alilotega jana yake alikuwamo mmoja. Aliniwekea kiganjani. Alikuwa mzito kuliko nilivyotarajia, na manyoya yake, ya kahawia iliyoiva kuelekea wekundu, yalikuwa laini kama velveti, hayana udongo hata chembe. Udongo ulikuwa puani tu na kwenye paji la uso. Macho yalikuwa madogo kama mbegu za papai, masikio karibu hayapo, mkia mfupi kama kidole cha mtoto. Meno ya mbele, marefu, ya rangi ya chungwa, yalikuwa nje ya midomo. Midomo hujifunga nyuma ya meno ili anapochimba asile udongo. Nilimgeuza polepole. Katika miaka yote ya kuhesabu mikia ya fuko sikuwahi kumtazama uso.

Mwaka 1971 Jennifer Jarvis na mwenzake Sale walichapisha uchunguzi wao juu ya mashimo ya mafuko wa Afrika Mashariki, na tangu hapo kazi ya mnyama huyu inajulikana vizuri. Huukata udongo kwa meno, kisha hugeuka na kuusukuma nje kwa shavu na mguu mmoja wa mbele. Huishi peke yake. Katika chumba chake ana kitanda cha nyasi, ana ghala la mizizi na viazi, ana mahali pa choo. Akitaka kusema na jirani, hugonga dari ya njia kwa kichwa, na mshindo hupita ardhini mpaka kwa mwenzake. Hana wimbo kama shore, ila naye ana lugha.

"Mzee, na wakiisha?" nikauliza.

"Wataishaje? Nawatega tangu nikiwa kijana, na bado wapo." Alifunga kamba ya kopo jingine, akanyamaza kidogo. "Ila kule," akanyoosha mkono upande wa barabara, "kule nilikuwa natoka na mikia kumi asubuhi moja. Sasa ni ploti. Wamepanda mawe ya mipaka, wamemwaga simiti. Chini ya simiti hakuna mzizi."

Mlimani

Kutoka lango la hifadhi hadi ukingo wa kasoko ni kilomita 3.1, na kuuzunguka ukingo wote ni kilomita 7.2. Mwanzo wa njia ni mpole. Unapita kati ya migunga na leleshwa, kile kichaka cha majani ya kijivu ambacho ukiyasugua mkononi hutoa harufu kali ya kuamsha akili. Punda milia walikuwa wakila bila haraka, na twiga mmoja alinitazama kwa juu mpaka nikampita. Kisha mlima unaanza kudai haki yake. Njia ni majivu ya volkano na kokoto nyepesi za povu la jiwe. Unapiga hatua mbili, moja inarudi. Mvua imechonga makorongo yenye kina cha mtu mzima, na katika kuta zake unaona matabaka ya milipuko, jeusi, jeupe, la kijivu, yamepangana kama kurasa.

Shore alinisindikiza karibu njia yote. Kila penye kichaka cha matunda alikuwapo.

Ukingoni upepo ulinipokea kwa nguvu. Ndani ya kasoko msitu ulikuwa umetulia kimya, na mvuke mwembamba ulipanda kutoka kwenye nyufa za ukuta, ukimkumbusha mtu kwamba mlima huu umelala tu. Nilipofika upande wa juu, dunia yote ya bonde ikawa wazi. Kaskazini-magharibi, Ziwa Naivasha na nyumba za plastiki za mashamba ya maua. Magharibi, mvuke mweupe wa Olkaria, ambako umeme wa jotoardhi umezalishwa tangu 1981. Kusini, Suswa. Na mashariki, ukuta wa bonde ukipanda kuelekea uwanda wa Kinangop na milima ya Nyandarua.

Nilikaa nikalitazama bonde hilo kwa macho ya fuko. Mwaka 1909 Oldfield Thomas, mtaalamu wa jumba la makumbusho la Uingereza huko London, alimpa fuko wa hapa jina la Tachyoryctes naivashae, yaani fuko wa Naivasha. Kabla yake, mwaka 1891, alikuwa amempa jina fuko mwingine aliyepatikana Mianzini, mashariki mwa ziwa. Jina hilo la mahali ni Kiswahili kitupu, kutoka enzi za misafara ya pwani iliyopita humu. Wataalamu hawajaacha kubishana: orodha kubwa ya wanyama ya 2005 ilihesabu spishi 13 za mafuko wa jamii hii, na wengine wanasema wengi kati yao ni ndugu wa spishi moja. Mabishano hayo ni ya haki. Lakini hata wakimwondolea jina lake, hawawezi kumwondolea tabia yake. Fuko haruki. Havuki mwamba, havuki lami pana, havuki ploti zilizojengwa zikabanana. Alipozaliwa na atakapofia hapapishani sana. Shore amepewa bara. Fuko amepewa hiki kipande cha udongo kinachoonekana kutoka hapa nilipoketi.

Hapo ndipo nilipoelewa kilichonileta. Nikimsifia mgeni Longonot kwa sababu ya shore, nitakuwa nimesifu kitu ambacho anacho hata kwao. Lakini fuko, mgeni huyo hawezi kumsikia wala kumwona popote pengine akiwa mwenyeji kiasi hiki. Ardhi hii imemfinyanga yeye, na yeye ameifinyanga. Udongo anaoupandisha juu huchanganya majivu ya volkano na mboji. Njia zake hupitisha maji ya mvua badala ya kuyaacha yaporomoke na kuchimba makorongo. Mwewe mwenye mkia mwekundu aliyekuwa akielea juu ya kasoko bila kupiga bawa, naye hulisha makinda yake kwa mafuko. Tunapotazama mwewe tukapiga picha, tunapiga picha ya kazi ya fuko.

Habari kutoka Alsace

Mtu ataniuliza: mnyama aliyejaa mashambani ana hatari gani? Nitamjibu kwa habari za mgugunaji mwingine.

Huko Ulaya yuko hamsta wa porini, mnene, mwenye tumbo jeusi na mashavu ya kubebea nafaka. Kwa vizazi vingi wakulima walimchukia kama mama alivyomchukia fuko. Alitegwa, alifukiwa, ngozi yake ikashonwa makoti, na alikuwa mwingi kiasi kwamba hakuna aliyedhani anaweza kuisha. Julai 2020 shirika la IUCN lilimweka katika Orodha Nyekundu kwenye daraja la walio hatarini kabisa kutoweka, daraja la mwisho kabla ya kupotea porini, na likaonya kwamba asiposaidiwa anaweza kutoweka ndani ya miaka 30. Katika jimbo la Alsace nchini Ufaransa alikuwa ametoweka kwenye robo tatu ya maeneo yake ya asili. Miaka tisa kabla, mwaka 2011, Mahakama ya Haki ya Ulaya ilikuwa imeihukumu Ufaransa kwa kutomlinda vya kutosha. Na jike ambaye zamani alizaa zaidi ya watoto 20 kwa mwaka, sasa anazaa 5 au 6.

Sababu ni nyingi, na moja itamgusa kila mla ugali. Mashamba ya Alsace yaligeuka mahindi matupu, ekari baada ya ekari. Watafiti wa Strasbourg walipowalisha hamsta majike mahindi karibu peke yake, waliona jambo la kutisha, wakalichapisha mwaka 2017: mama walikula watoto wao. Ni asilimia 5 tu ya watoto waliofika umri wa kuachishwa ziwa. Tatizo lilikuwa ukosefu wa vitamini B3, ile ile ambayo kukosekana kwake kuliwaletea wanadamu waliokula mahindi matupu ugonjwa wa pelagra. Walipoongezewa vitamini hiyo, mama wakawalea watoto wao. Hapakuwa na risasi wala sumu. Kilichohitajika ni shamba lenye zao moja, na mnyama asiyeweza kuhama.

Fuko wetu hajafika huko, na namwombea asifike. Lakini njia ya kufika huko naijua, kwa kuwa naiona kutoka ukingoni hapa: mahindi upande huu, mawe ya ploti upande ule, reli mpya ya tangu 2019 ikikata bonde kuelekea Suswa. Wala ndege hawako salama kwa sababu tu wana mabawa. Juu ya ukuta ule wa mashariki, Kinangop, anaishi ndege mwingine mwimbaji, Macronyx sharpei, mwenye kifua cha manjano, anayepatikana Kenya peke yake. Naye hukaa kwenye nyasi fupi za nyanda za juu tu, na nyasi zile zilivyolimwa viazi na ngano ndivyo alivyoingia katika orodha ya walio hatarini. Chama cha Nature Kenya kililazimika kununua vipande vya ardhi ili kumwachia majani ya kutagia. Kwa hiyo bawa si kinga. Aliye mashakani ni yule aliyefungamana na mahali pamoja. Na wenyeji wa namna hiyo ndio wanaopafanya pahala pawe pahala.

Simwambii mkulima wa Longonot aache karoti zake ziliwe. Mama yangu alitusomesha kwa karoti zile. Ninachosema ni kwamba tunaweza kumtega shambani na bado tukamjua, tukaacha kingo za mashamba na njia za nyasi, tukachanganya maharagwe na mahindi kama yule mwenye shamba alivyofanya, tukamwachia mlima uliokuwa wake tangu awali. Mkulima wa Alsace aliyehesabu mikia hakuambiwa ni lini hesabu ingefika sifuri.

Udongo uliosogea

Nilishuka saa kumi na nusu, magoti yakitetemeka. Mzee alikuwa akikusanya makopo. Nilimwuliza kama huwatega pia wale wa upande wa pili wa waya, ndani ya hifadhi.

"Yule wa mlimani ni wa mlima," akasema. "Hajanilia kitu." Kisha akanishika mkono ghafla. "Nyamaza. Usikanyage. Tazama pale."

Hatua nne mbele yetu, upande wa mlima, palikuwa na kichuguu kidogo. Nilikitazama, sikuona kitu. Kisha kilele chake kikatetemeka. Udongo mbichi, mweusi, ukainuka taratibu kutoka katikati, kama uji unaokaribia kuchemka, ukafunguka, ukamwagika pembeni. Ukatulia. Ukainuka tena. Hatukuona pua wala jino. Tuliona nguvu tu, nguvu ya mnyama wa kujaa kiganja akiibeba ardhi ya Longonot kwa shavu lake, kopo kwa kopo, kama ambavyo ukoo wake umeibeba tangu zamani.

Juu ya leleshwa iliyokuwa karibu, shore alianza wimbo wake wa jioni, yale maneno matatu manne ya haraka. Chini udongo uliinuka mara ya sita, na ya saba. Mzee aliweka mfuko wa makopo chini bila kuugongesha, tukasimama hapo, mtegaji na mtoto wa mkulima wa karoti, hadi mlango ukazibwa na udongo ukatulia kabisa.